Kiti Pembeni ya Nguzo

"Mama Wivine, binti yako anaweza kumuchora mutu mwenye hayuko?"

Mwavita, jirani yangu, aliniuliza vile siku moja, juu ya ukuta wa mawe meusi wenye kutenga lupango yetu, uwanja wa nyumba, na yake, hapa Katindo. Nilikuwa naanika nguo. Yeye alisimama na simu mukononi, kitambaa cha kichwa kimemulegea, macho mekundu ya mutu mwenye kukosa usingizi.

"Anawachoraka kila mara," nikamujibu. "Mule ndani ya picha zake, nusu ya watu hawako."

Nilisema vile kwa kucheka. Yeye hakucheka.

Ni lazima nieleze kazi ya mutoto wangu. Wivine anachora bande dessinée, hadithi za picha, lakini si zile za kuchekesha watoto. Anachora mikutano ya vitabu. Hapa Goma, hata na yote yenye tulipitia, watu wanaandika. Na kitabu kikitoka, kinabatizwa. Njo vile tunaita: ubatizo wa kitabu. Kinakuwa na parrain na marraine, wazazi wa ubatizo, sawa mutoto muchanga. Wanakimwangia maua ao tone la champagne, watu wanapiga makofi, kiisha wanakunywa sukari, soda za chupa. Mara ya kwanza nilisikia ile maneno nilifanya ishara ya musalaba. Ubatizo ni wa mutu mwenye roho. Nikaenda kumuuliza padri wetu, Padri Julien. Akaniambia, "Mama Kahindo, usijisumbue, ni desturi tu, hakuna sakramenti mule." Nikatulia. Nusu tu.

Siku ya ubatizo, Wivine anaikala kwa upande, ubao juu ya magoti, bic, kalamu yake ya wino, mukononi. Anachora kila kitu, kisanduku kwa kisanduku: mwandishi mwenye kutoka jasho, mikro yenye kukatika, yule papa, baba wa kila siku, mwenye kuuliza swali refu mpaka watu wanasinzia. Maneno yao anayatia ndani ya vipuvu juu ya vichwa. Kiisha ile karatasi wanaikuza, wanaibandika kwenye ukuta wa sale, ukumbi wa mikutano, kule Himbi, wanaituma na kwenye simu. Mwenye hakufika anaona mukutano wote. Mimi niliishia primaire, lakini zile karatasi nazisoma kama Njia ya Musalaba kanisani: unasimama mbele ya kila kituo, unaelewa.

Kisanduku cha mwisho ni cha watu wenye walikuja, wameikala, wanaangalia mbele. Pale njo kuna siri ndogo ya kazi. Wenye kutengeneza ile mikutano hawapendi viti vitupu. Kiti kitupu ndani ya picha kinaonekana kuliko mutu. Basi Wivine anavijaza. Anatoa sura kichwani mwake, mama mwenye miwani, kijana mwenye kofia, anawaikalisha. Anawaita wageni wa bic. Siku moja aliniikalisha na mimi, na suti sawa avocate wa mahakamani, na mimi siku ile nilikuwa nyumbani napika sombe, majani ya muhogo. Tulicheka mpaka machozi.

Sasa Mwavita. Ni mama wa upande wa Bukavu, mukatoliki kama mimi, tunaimba sauti moja kwenye korali ya wamama. Bwana yake alimuachaka zamani. Alikuwa na mutoto mumoja tu, Chance. Wakati vita iliingia mujini, maji ilikatika, Chance akabeba bidon ya kuchotea, akasema anashuka kwenye ziwa, upande wa Keshero. Bidon ilionekana. Yeye hapana.

Toka pale, kila vendredi, kila Ijumaa, Mwavita alizunguka. Hospitali, gereza, kiisha port, kule mashua za Bukavu zinafikia. Alisimama pale watu wakishuka na mizigo, anawaonyesha simu: "Mumemuona huyu? Mumemuona huyu?" Wengine wakamuzoea, wakamusukuma na viwiko. Alirudi jioni na vumbi mpaka magotini, na vendredi yenye kufuata anaenda tena.

Siku moja alienda kuomba misa. Padri Julien akamuuliza ni misa ya wafu ao ya wazima. Akasema, "Ya wenye kusafiri, Padri." Nilikuwa pembeni yake. Padri alibaki na kalamu juu.

Mimi niko mujane. Bwana yangu Donat alikuwa mufanya biashara kwenye barabara ya Butembo, homa ikamubeba, tukamuzika kule kwetu. Najua pa kaburi, nalimia majani yake kila ninapoweza kwenda. Mwavita hakuwa na pa kulimia. Hakuwa mama wa mufu, hakuwa mama wa muzima. Kwa ile, nilipomuletea Wivine lile swali lake, sikusema ndiyo, lakini sikulipiga muguu pia.

"Ni kiti kimoja tu, mama," Wivine akasema.

"Yule ni mutoto wa mutu, si mugeni wa bic."

"Ju ya ile njo nitamuchora muzuri."

Alimuchora kwa ubatizo wa kitabu kimoja cha hadithi, siku yenye watu hawakuwa wengi. Alimutia safu ya tatu, pembeni ya nguzo. Alifuata foto ya kwenye simu ya Mwavita: Chance na shimizi, shati ya njano, amegeuka upande, anacheka. Sasa, ile foto ilionyesha sikio moja tu, la kuume. La kushoto halikuonekana. Na la kushoto njo lilikuwa na alama. Alipokuwa mudogo alifuata mupira juu ya senyenge ya kambi, senyenge ikamukata kipande cha sikio. Watoto wa avenue, mutaa wetu, walimuitaka Kipande. "Kipande, panya ilikula wapi ingine?" Naye anawatupia mawe, wanakimbia. Wivine alisahau. Alimuchora anaangalia mbele, masikio mawili, mazima yote.

Mimi niliona mara moja. Mwavita alipokuja kuangalia, nikamuambia polepole, "Mama Chance, binti amekosa kwenye sikio. Nimuambie arekebishe?"

Aliinamia ile karatasi wakati murefu. Akapitisha kidole gumba juu ya lile sikio.

"Acha," akasema. "Imepona."

Siku ile alirudi kwake akapika, nikasikia harufu ya kitunguu juu ya ukuta, kitu chenye sikukisikia kwake toka zamani. Alikuwa anaimba. Nilimushukuru Mungu. Nilifikiri tumefanya kazi ya huruma.

Kiisha ikafika siku ya mashairi ya Viateur, kijana mumoja wa hapa, fundi wa maneno. Nilimusindikiza Wivine ju mvula ilikuwa inatishia na mimi njo nina parapluie. Sale ilijaa. Watu walisimama kwenye ukuta, walisimama kwenye madirisha, wengine nje kabisa wanasikiliza juu ya bega. Na pembeni ya nguzo, safu ya tatu, kulikuwa kiti kitupu.

Niliona Muzee Sibomana, mwalimu wa zamani, amesimama na fimbo yake, magoti yanatetemeka. Anaikala mbali, kule Keshero, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuja. Nikamushika mukono.

"Muzee, kile kiti, si muikale?"

"Kile kina mutu, mama."

"Mutu gani?"

"Kijana fulani. Ametoka kidogo, atarudi."

"Mulimuona?"

Akaniangalia sawa mutu mwenye kuulizwa jina la jirani yake na kulikosa. "Nafikiri nilimuona," akasema.

Nikamuuliza binti mumoja wa université mwenye kusimama nyuma yake. Naye: "Kuna mutu, mama." Nikamuuliza na mwingine. Ni vile vile. Hakuna mwenye aliwaambia. Hakukuwa koti juu ya kiti, wala kitambaa, wala karatasi. Walikuwa tu wanakizunguka, sawa vile watu wanapita pembeni ya miguu ya mutu.

Nikaangalia kile kiti. Munajua vile viti vyeupe vya plastiki: mutu akikiikalia, miguu inafunguka kidogo, akisimama inarudi. Kwenye safu ile, mama mumoja alisimama kutengeneza pagne, kitenge chake, miguu ya kiti chake ikarudi, wima. Kiti cha pembeni ya nguzo kilikuwa kimefungua miguu.

Nilitia mukono ndani ya sakoshi, nikashika rozari yangu, sikuitoa.

Kwenye kiti chenye kufuata aliikala Mwavita. Alikuwa anainamisha kichwa upande ule, anasema kitu kwa sauti ya chini, anacheka kidogo, sawa mama mwenye kumuelezea mutoto wake nani ni nani.

Tulipofika nyumbani nilimuambia Wivine anionyeshe karatasi.

"Leo watu walijaa," nikasema. "Haukuwa na lazima ya kujaza."

"Ndiyo, mama."

"Pembeni ya nguzo umeacha nini?"

Akaitoa. Chance alikuwa pale, na shimizi yake ya njano, Wivine aliipaka rangi ile tu, zingine zote nyeusi na nyeupe.

"Wewe ulimuona?"

"Niliangalia Mama Chance," akasema. "Alikuwa anaongea na mutu. Ukichora mutu mwenye anaongea, unachora na mwenye anamusikiliza. Mukono uliendelea tu." Akageuza mukono, akauangalia. "Mama, sikuinua bic. Sikumbuki kuinua bic."

Akaenda kunawa mikono. Alinawa muda murefu, wino haikuwa nyingi vile.

Ikawa vile kila mara. Ubatizo wa kitabu cha docta mumoja, festivali ya vijana, kitabu cha mama wa Beni juu ya shamba lake: sale kujaa ao kutojaa, kile kiti kilikuwa chake. Siku moja wenye kupanga viti walikitoa, wakakitupa nyuma na vingine. Watu walipoingia, waliacha nafasi ya kiti pale pale, wazi, hakuna mwenye kusogea. Ikabidi wakirudishe, ju lile shimo lilikuwa baya kuangalia kuliko kiti.

Wamama wengine wakaanza kuja mulangoni kwetu na simu zao. Kila mumoja na foto. Wivine alikataa. Nilisimama mimi mulangoni, nikawaambia twende tusali pamoja. Wachache walikubali. Mumoja alitema mate chini akasema mimi nachagua watoto wa watu.

Na Mwavita, mwenyewe alinenepa. Alianza kusuka nywele. Vendredi moja nilimuona anatwanga sombe muchana kabisa, saa ya mashua kufika.

"Mama Chance, leo ni vendredi. Port hauendi?"

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

"Nitauliza aje mutu mwenye nilimuona samedi, kule sale?" Akafuta mikono, akaleta simu, akanifungulia zile karatasi, moja kiisha ingine. "Angalia mashavu. Angalia shingo. Ananenepa. Kule wanakula vizuri."

Niliangalia. Bikira Maria anisamehe, ilikuwa kweli. Yule wa kwanza alikuwa kijana mwembamba wa kwenye foto. Yule wa mwisho alikuwa na mashavu, shimizi imemukaza kwenye tumbo.

"Kule wapi, Mama Chance?"

Akanicheka kama mutoto mwenye kuuliza jua linalala wapi. "Wewe Kahindo unapenda makaburi," akasema. "Ju wewe uliisha kuzika, unataka kila mutu azike."

Ile ilinichoma.

"Sitaki uzike," nikasema. "Nataka utafute. Kama Chance yuko fasi fulani, anangoja mutu wa kumutafuta. Mutu huyo ni wewe. Hana mwingine."

"Mutu anatafuta mwenye hayuko," akajibu, akarudi kwenye sombe yake. "Wangu yuko."

Nililala na ile maneno, nikaamka nayo. Niliona kitu chenye kufanyika: siku Chance atashuka kwenye mashua, kama atashuka, hakutakuwa mutu wa kusema "ni huyu." Mama yake njo alikuwa macho yake hapa duniani, na yale macho Wivine alikuwa ameyageuza yaangalie kiti.

Nikaenda kwa Padri Julien, tukaongea nje ya sakristia, mvula inanyesha juu ya mabati. Hakunicheka. Aliuliza kama Wivine anaweza kuacha kumuchora. Nikasema alijaribu. Mara ya mwisho alichora ile safu na mukono wa kushoto ili auzuie ule wa kuume, na Chance alitoka muzuri kuliko wengine wote.

"Basi picha iliwekwa mbele ya watu," akasema, "muiondoe mbele ya watu. Mukimuambia chumbani hatasikia."

Fasi ya kufanyia ile ilikuja yenyewe. Shirika la vitabu la kule Himbi walikusanya karatasi zote za Wivine, wakatengeneza albamu. Na albamu, kama kitabu kingine, ilipaswa kubatizwa. Parrain alikuwa papa mumoja mukubwa wa biashara. Kwa marraine, Wivine aliniomba mimi. Tulipatana jikoni, tukichagua maharagi. Yeye atasema kwenye mikro kwamba wageni wa bic ni wa kubuni, na yule wa pembeni ya nguzo pia. Kiisha mimi, mbele ya kumwanga maua, nitashuka mpaka safu ya tatu, na nitaikala juu ya kile kiti.

"Utaweza, mama?"

"Nitashindwa aje? Na hii uzito yangu, na pagne mbili? Nikishaikala, mutu wa bic atapita wapi?"

Tulicheka, lakini mikono ilibaki ndani ya maharagi bila kuchagua.

Siku ile mvula ilinyesha asubuhi yote, ikakatika. Parrain hakufika, gari yake ilikwama, wakaniambia nitabatiza peke yangu. Nyuma ya meza walitundika ile picha ya mwisho, wameikuza mpaka vichwa vilikuwa vikubwa kuliko vichwa vyetu. Watu walijaa mpaka nje. Katikati ya vile vichwa vya picha, shimizi ya njano juu ya ukuta, na chini yake, safu ya tatu, kiti cheupe kimefungua miguu.

Mwavita alivaa pagne mupya. Juu ya magoti alikuwa na chapati mbili ndani ya kitambaa.

Achille, kijana wa kuongoza mikutano, alicheza na watu kidogo. "Leo muchoraji wetu amechorwa na nani? Leo hakuna wa kumuchora, basi mumukumbuke kwa macho!" Watu wakacheka. Akamupa Wivine mikro.

Sauti ya mutoto wangu ilikuwa ndogo. "Nataka kusema kitu juu ya watu wenye munaona pale ukutani," akasema. "Wengine hawakuwaka hapa. Niliwatia kwa kujaza viti. Ni kazi ya mukono wangu tu. Na yule kijana wa pembeni ya nguzo…" Akaangalia Mwavita. "Yule naye. Nilimutoa kwenye foto. Yule hakuikalaka hapa hata siku moja. Pole, Mama Chance. Hakuna mutu kwenye kile kiti."

Mwavita alimuangalia Wivine na huruma, sawa vile unaangalia mutoto wa mutu mwenye kusema bila adabu mbele ya wageni. Kiisha akaweka mukono juu ya mugongo wa kiti, akapapasa mara moja, mara mbili. Usijali, mwanangu. Sikusikia maneno, niliona midomo.

Nikabeba sahani ya maua. Nikashuka. Nilikuwa nasema Salamu Maria ndani ya moyo. Nilifika kwenye safu ya mbele, nikaona mulango unafunguka kule nyuma.

Aliingia mwanaume mumoja. Mukonda, mukonda sana, koti inaning'inia juu ya mabega, ndevu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Buti zake zilikuwa na matope meusi, na zilikuwa zinaacha matope kwenye simenti kila muguu. Ile niliiona vizuri na naisema hapa: zilikuwa zinaacha matope.

Alisimama anaangalia ukuta wa mbele. Aliangalia ile picha kubwa, polepole, safu ya kwanza, safu ya pili, ya tatu. Alipofika pembeni ya nguzo alibaki pale. Kiisha akaangalia chini, akamuona Mwavita, akaanza kupita kati ya watu. Waliosimama walimupisha bila kunung'unika.

Akamuinamia.

"Mama."

Mwavita alikunja magoti upande ili apite, vile tunafanya kanisani, bila kuinua macho.

"Mama. Naweza kuikala?"

"Pole sana, papa," akasema kwa upole. "Hapa kuna mutu. Nyuma labda kuna nafasi."

Yule mwanaume hakusogea. Akatoa kofia. Mimi nilikuwa karibu yake kama toka kitanda changu mpaka mulango. Niliona kichwa chake, nywele zimekatwa vibaya, na niliona sikio la kushoto, na pale juu, fasi ya kipande chenye kukosa.

"Chance!" nikaita.

Nadhani nilipiga kelele. Watu wote waligeuka, hata wale wa nje waliingiza vichwa. Wivine aliangusha mikro, ikalia. Mwanaume alianza kunigeukia, lakini Mwavita njo alijibu kwanza.

"Yuko hapa, Mama Wivine," akasema. "Ju ya nini kelele? Si yuko hapa?" Na alikuwa anashika mugongo wa kiti sawa vile unashika bega.

"Mama Chance," nikasema, "inua macho. Muangalie huyu. Kwa jina la Yesu, inua macho yako umuangalie."

Akainua. Alimuangalia kwanza buti, kiisha koti, ndevu. Macho yake yakapanda mpaka kwenye lile sikio, yakasimama. Yalisimama pale wakati murefu. Nilisema moyoni, sasa. Bwana, sasa.

Alinyoosha mukono, akamugusa kidogo kwenye lile sikio, na kidole gumba, vile aliigusa karatasi siku ile ya kwanza.

"Pole, papa," akamuambia. "Na wangu alikuwaka vile. Imepona."

Akachukua chapati moja ndani ya kitambaa, akamupa. Ingine akairudisha juu ya magoti, akaifunika.

Mwanaume alishika ile chapati. Aliangalia kiti. Hakukiangalia vile mutu anaangalia kiti kitupu. Alianza juu, fasi ya kichwa, akashuka kwenye mashavu, kwenye shingo, kwenye tumbo, na uso wake ukabadilika kama uso wa mutu mwenye kuingia kwake na kukuta mwenye nyumba mwingine. Na miguu ya kile kiti, nilikuwa naiangalia, miguu ikafunguka zaidi kidogo, vile inafunguka mutu akijiegemeza nyuma kwa raha.

Yule mwanaume akarudi hatua moja, akatoa njia. Nilitaka kumukamata mukono, sahani ikanitoka, maua yakamwangika chini juu ya matope yake. Alivaa kofia, akaishusha mpaka chini ya masikio. Watu wakafungua katikati. Akatoka na chapati yake mukononi.